Lugha ya Maswali Wanayoulizwa Waliopasuliwa Mkono

Kwa muda mrefu tabibu mpasuaji alipima kazi yake kwa vyombo peke yake: picha ya mifupa, pembe ya kifundo kinapokunjwa, na nguvu ya kiganja kinapofumba. Vipimo hivyo vyafaa, lakini havisemi kama mgonjwa aweza kula, kufua au kulala usiku. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndipo wataalamu walipoona vema kumwuliza mgonjwa mwenyewe. Mwaka 1996 ilitolewa orodha iitwayo DASH, yenye maswali 30 juu ya mkono mzima. Na mwaka 1998 ikachapishwa PRWE, yenye maswali 15 juu ya kifundo. Kila moja huishia katika hesabu ya 0 hadi 100, na 0 maana yake hana taabu yoyote.

Nia ya orodha hizi ni njema. Kasoro huanza pale zinapotiwa katika Kiswahili na kusomewa mtu wa Kiwalani, katika Wilaya ya Ilala, Dar es Salaam.

Neno la kwanza lenye shida ni mkono wenyewe, kwani kwa Kiswahili huanza begani ukaishia vidoleni. Kwa DASH, ambayo huutazama mkono wote kuwa kiungo kimoja, jambo hili ni bahati. Kwa PRWE ni mtego. Aliyepasuliwa kifundo, na bega likamkakamaa kwa kufungwa plasta, akiulizwa kama mkono unamwuma atajibu ndiyo, wala hakosei. Maneno ya kutenganisha yapo, nayo ni bega, kiwiko, kifundo na kiganja. Yafaa yatumiwe bila uvivu.

La pili ni adabu ya mazungumzo. Mgonjwa akiulizwa hali, hutangulia kusema hajambo na kumshukuru Mungu, maana si uungwana kuanza kwa malalamiko. Maswali yakisomwa kwa sauti na mtumishi wa hospitali, majibu huelekea kwenye shukrani, na hesabu huonyesha nafuu kuliko ilivyo.

La tatu, na ndilo zito, ni matendo yanayoulizwa. PRWE yauliza juu ya kuzungusha kitasa cha duara, kukata nyama kwa kisu, kujiinua kitini, na kutumia karatasi ya chooni. Mlango wa uani hufungwa kwa komeo au kufuli. Chakula huliwa kwa mkono. Na msalani wengi hutumia maji. Kwa Mwislamu, kifundo hujulikana kimepona katika sujudu, viganja vinapolala chini na kubeba uzito wa mwili. Lakini sujudu haiulizwi. DASH yauliza juu ya mzigo unaozidi kilo 5, na dumu la maji la lita 20 lina kilo 20. Mwanamke awezaye kilo 6 huandikiwa kwamba hana taabu, na nyumbani hana maji.

Tena DASH yaeleza kwamba haidhuru tendo limefanywa kwa mkono upi. Pwani yadhuru sana. Wa kulia ndio wa kula na kupeana. Wa kushoto ndio wa kujisafishia. Aliyepasuliwa mkono wa kulia, akawa anakula kwa kushoto, tendo amelifanya. Lakini huona haya, hujitenga na sinia la wenzake. Orodha yamhesabu mzima, naye hali na watu.

Tangu mwaka 2000 upo utaratibu unaofuatwa na wengi: wafasiri wawili, kisha tafsiri kurudishwa katika lugha ya asili, kisha baraza la wajuzi, kisha majaribio kwa wagonjwa 30 hadi 40. Lakini kurudisha tafsiri hakufichui kasoro hizi, kwa kuwa kitasa hutoka kitasa na kurudi kitasa. Na katika DASH, asiyejibu maswali zaidi ya 3 hatolewi hesabu yoyote. Atakayeruka la kukausha nywele kwa mashine, la gofu, la karata na la kutupiana kisahani, sauti yake yote hupotea.

Yaweza kusemwa kwamba maswali yakibadilishwa, hesabu za Dar es Salaam hazitalinganishwa tena na za nchi nyingine. Hoja hii ina uzito, wala haifai kila mtu ajitungie orodha yake. Lakini ulinganifu wa maneno si ulinganifu wa kipimo. Tendo lililoondolewa lifuatwe na lingine litumialo msuli na pembe ile ile: kusukuma chapati, kukamua nguo, kusonga ugali, kisha lijaribiwe kwa wagonjwa wenyewe kabla ya kuaminiwa. Bila hivyo tabibu atasoma namba nzuri, amruhusu mgonjwa aende zake, naye arudi Kiwalani na mkono usioweza kazi yake.