Ulimi Mwekundu

Buyu zuri hutikiswa kabla ya kuvunjwa. Mama anayepika ubuyu uani kwake Ngamiani, mjini Tanga, hulishika kwa mikono miwili, akalipeleka karibu na sikio na kulitikisa mara mbili tatu. Likigongagonga ndani, basi lilikaukia mtini na halina neno. Likinyamaza, au likitoa mdundo mzito, huliweka pembeni bila kulivunja. Lina unyevu, na unyevu ndio atakaopigana nao tangu asubuhi hii hadi kesho mchana.

Mabuyu humfikia kwa gunia. Mengine ni ya mibuyu ya pwani, upande wa Tongoni na Pangani, na mengine hushuka na malori kutoka Dodoma. Yeye ni mtu wa pwani hasa, lakini kwa hili haoni tabu kuwapa haki watu wa bara: kwao kukavu, na ubuyu wao huwa mweupe zaidi. Hulipiga buyu katikati kwa mgongo wa panga, pigo moja, ganda likafunguka. Ndani mna nyama nyeupe iliyokwisha kukauka yenyewe ikawa vipande vya unga mgumu, kila kipande kimeshika mbegu, na katikati zimepita nyuzi za rangi ya kutu. Nyuzi hizo huzitoa kwa vidole, moja baada ya nyingine, hata zile fupi ambazo mlaji asingeziona. Anasema mlaji hazioni, koo linazijua.

Baada ya hapo ubuyu huingia kwenye ungo. Hupepetwa taratibu ili vumbi la ganda liruke, kisha huchekechwa. Unga unaoanguka chini ya chekecheke haumwagwi. Huwekwa kwenye bakuli lenye kifuniko, mbali na jiko, ukisubiri zamu yake.

Kila aliyesoma shule ya msingi katika mwambao huu anaujua ubuyu wa rangi, na anazijua pia sheria zake. Haukuruhusiwa darasani. Mbegu zilikutwa chini ya madawati na kwenye mifuko ya kaptura, na mtuhumiwa hakuhitaji kuletewa shahidi: mwalimu alisema “Toa ulimi,” kesi ikaisha. Pipi za kiwandani zilikuwa na adabu, ziliyeyuka mdomoni zikasahaulika. Ubuyu uliacha rangi kwenye midomo, vidole na kola ya shati jeupe, ukakuwasha koo, kisha ukakudai uteme mbegu, na watoto hawatemi mbegu bila kushindana ya nani itafika mbali. Hakukuwa na njia ya kuula kwa heshima. Nadhani ndiyo maana tuliupenda.

Kwa hiyo inashangaza kidogo kuona unavyopikwa, maana katika ua huu hakuna utundu hata chembe.

Tatizo lote ni maji. Unga wa ubuyu huyeyuka upesi ukilowa, na ndiyo sababu juisi yake ni kazi nyepesi: loweka, koroga, chuja, tia sukari. Mpishi wa ubuyu wa rangi anataka kinyume chake. Anataka shira ya moto iukumbatie ule unga bila kuuyeyusha. Maji yakizidi, unga wote huachia na mbegu nyeusi hubaki tupu zikielea kwenye uji wa waridi. Yakipungua, shira hugeuka tena sukari, ikaganda punje punje na kupukutika mbegu zinapogusana. Kati ya hayo mawili kuna nafasi nyembamba sana, na ustadi wote wa mama huyu unaishi humo.

Kwa kilo mbili za ubuyu hutia sukari kilo moja na robo, na maji ya kuilowesha tu, yaipite sukari kwa upana wa kidole. Sukari huipima kwa kikombe kilekile cha bati kilichobonyea ubavuni. Nilipomwambia kuwa kimebonyea, alinijibu kuwa hesabu yake yote imepigwa na huo ubonyefu ukiwemo.

Sukari yenyewe ina habari ndefu katika pwani hii. Katika karne ya 19, bonde la Mto Pangani lilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, na Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa Pangani Desemba 1889, naye alikuwa mwenye shamba la miwa. Karibu miaka mia moja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, sukari ikawa bidhaa ya foleni na mgao. Mwaka 1983 serikali ilipotangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, gunia la sukari ndani ya nyumba lilikuwa jambo la kutolewa maelezo. Mama yangu huyu wa Ngamiani alikuwa binti wakati huo, akimsaidia mama yake. Anakumbuka walivyopika kwa sukari guru, ubuyu ukatoka mweusi mweusi na bado ukaisha kabla ya saa sita. Hata mapema mwaka 2024, mvua kubwa zilipokwamisha uvunaji wa miwa na bei ya sukari ikapanda nchi nzima, hakufunga kazi. Alipunguza ukubwa wa pakiti, bei akaiacha palepale.

Jiko ni la mkaa, na sufuria ni nzito, ya zamani, kitako chake kimenyooka. Mwanzoni shira huchemka kwa mapovu madogo yenye haraka. Mama hutoa povu la kijivu kwa kijiko na kulipangusa pembeni. Hakorogi. Sukari ikishayeyuka, anasema, mwiko unaivuruga tu, nayo hulipiza kisasi kwa kuganda. Hukaa kwenye kibao cha mbuzi, mikono magotini, akitazama. Mapovu huanza kuwa makubwa, yakapungua haraka, yakawa yanapasuka kwa kusitasita. Hapo huchovya ncha ya mwiko, hudondosha tone kwenye sinia, akalipuliza, akalibana kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha akaviachanisha vidole. Mara ya kwanza uzi hukatika. Mara ya pili huvutika kidogo. Mara ya tatu unatoka uzi mmoja mwembamba, unang'aa, haukatiki. Ametosheka, na tayari mkono wake mwingine unapunguza makaa.

Nilimuuliza kama kipima joto kisingemrahisishia.

“Mwanangu,” alisema, “hicho kitaniambia moto wa sufuria. Hewa ya leo kitaijua?”

Hakuwa akijigamba. Tanga ina bahari mlangoni, na sukari hunyonya unyevu wa hewa. Shira iliyotosha katika siku kavu za kusi haitoshi siku ya wingu zito la masika. Siku hiyo huiacha jikoni muda zaidi, uzi uwe mgumu kidogo. Mvua zikishika kabisa hapiki, hushona.

Sasa viungo huingia kwa mpango. Chumvi kwanza, kiasi cha kuustua utamu. Kisha iliki aliyoitwanga mwenyewe asubuhi kwenye kinu kidogo, maganda akayatoa. Rangi nyekundu hutoka kwenye kopo lililofungwa, lenye maandishi kuwa ni ya chakula. Anasisitiza hilo kwa sababu sokoni rangi ya ukili wa mikeka nayo ni nyekundu, tena ni rahisi zaidi. Hulowesha nusu kijiko cha rangi, humimina, hudondosha tone kwenye sahani nyeupe na kuinamisha sahani juani. Anataka wekundu unaopenyeza mwanga. Ukiwa mzito kama damu ya mzee, anasema, umezidisha, na watoto wataona uchungu. Vanila kidogo. Pilipili ya unga mwisho kabisa, na kabla ya kuitia hutazama upepo unatoka wapi na kuwaambia waliokaa upande wa pili wahame. Hata hivyo mpita njia hupiga chafya nje ya ua, akatoa maneno, na ndani watu wakacheka.

Sufuria huepuliwa. Hii ndiyo hatua ambayo wengi hukosea kwa haraka. Hungoja mapovu yatulie, ndipo humimina ubuyu, si wote kwa pamoja, mafungu matatu. Mwiko huenda chini kabisa, huinua, hugeuza, huachia. Haupondi wala hauzunguki. Fungu la kwanza hunywa shira likawa jekundu lote. La pili huchukua iliyobaki pembeni. La tatu linapoingia, sufuria inaonekana imekauka mno, na mtu asiyejua angeongeza maji. Yeye hugeuza tu, bila kubadili mwendo, mpaka wekundu ukahama kutoka mbegu hadi mbegu na weupe wote ukatoweka.

Ndipo lile bakuli la unga likafunuliwa. Huuchota kwa ncha za vidole na kuunyunyiza huku mkono mwingine ukigeuza. Unga mkavu hufyonza unyevu uliosalia, ukaacha ngozi ya pili juu ya ile ya sukari. Hiyo ngozi ndiyo uchachu unaoupokea ulimi kwanza, kabla ya utamu, kabla ya pilipili kufika kwa nyuma. Sikujua kuwa mpangilio huo wa ladha ni kazi ya makusudi. Miaka yote nilidhani ni bahati ya mchanganyiko.

Sufuria hurudi kwenye makaa yaliyofifia kwa dakika mbili tatu, ikitikiswa, kisha kila kitu humwagwa kwenye masinia mapana. Majirani huja wakati huu, maana mbegu lazima zitenganishwe kabla hazijashikana, na vidole vingi vinahitajika. Wanavichovya kwenye unga, wanaachanisha, wanasambaza. Ubuyu wa aina nyingine nao hugawiwa hapo hapo, wa nani kaolewa na nani kaachika, na huo haungoji kupoa.

Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliidhinisha unga wa ubuyu uuzwe katika nchi zake kama chakula kipya. Nilimsimulia. Alicheka mpaka akaweka sinia chini. Upya mwingine anaujua zaidi: vijana wa Dar es Salaam wanaouza ubuyu kwenye makopo yenye lebo, kupitia Instagram, wenye maziwa, wenye chokoleti. Hawabezi. Wengine wana mkono mzuri, anakiri, ila chokoleti haelewi imefuata nini, maana haichachuki wala haiwashi. Mjukuu wake amemshauri atengeneze lebo. Mwenye kununua ubuyu wake, amemjibu, lebo anayo mdomoni.

Ubuyu hulala ndani usiku mmoja, masinia yamefunikwa kitambaa chepesi. Kesho yake mchana huchota kiganja kimoja na kukitikisa, kama alivyotikisa buyu. Ukilia chakachaka, unafungwa. Ukishikana, unarudi siniani. Ulioharibika kabisa hauuzwi kwa watoto. Humwagiwa maji, huchujwa, na nyumba nzima hunywa juisi ya rangi ya ajabu yenye pilipili, ambayo si mbaya.

Zamani ulifungwa kwenye gazeti lililosokotwa ncha, na mtoto aliyemaliza ubuyu wake alibaki na nusu ya habari ya kusoma. Siku hizi ni vifuko vyembamba vya nailoni. Mdomo wa kifuko hukunjwa juu ya ubapa wa msumeno wa chuma, ukapitishwa juu ya mshumaa mara moja, haraka. Ukichelewa unatoboka, ukiwahi haushiki. Mama hupitisha kimoja baada ya kingine bila kutazama mshumaa, akiongea.

Vingi huenda kwenye genge lililo karibu na shule. Muuza genge anasema mteja wake wa uhakika kila Ijumaa ni mwalimu, na kwamba haji mwenyewe, humtuma mtoto.