Maji Yamekwenda Wapi? Uhakiki wa Marudio ya Dhana za Msingi za Sayansi kwa Watoto wa Mocímboa da Praia

Ikisiri

Makala hii inahakiki wazo la kurudia dhana za msingi za sayansi katika elimu ya msingi, kwa kuutazama mji wa bandari wa Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Cabo Delgado. Inadai kwamba marudio yanayoanzia kwenye fasili za Kireno hurudia maneno na kuiacha dhana nyuma, na kwamba kuyabadili maneno hayo kwa istilahi za Kiswahili sanifu hakuliondoi tatizo. Dhana irudiwe kwanza kwa lugha ambayo mtoto anaweza kubishana kwayo, istilahi ifuate.

Usuli

Mocímboa da Praia ilishambuliwa tarehe 5 Oktoba 2017. Agosti 2020 mji uliangukia mikononi mwa waasi, na Agosti 2021 ukakombolewa na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 6 wakati wa shambulio la kwanza alikuwa na miaka 10 mji ulipokombolewa, na huenda sehemu kubwa ya miaka hiyo aliipitisha ukimbizini. Kwa mtoto huyo, neno “marudio” lina utata. Kurudia hudhani kwamba jambo liliwahi kufahamika, ilhali kwake huenda somo halikufika, au lilifika kwa lugha asiyoimudu.

Kireno ndiyo lugha rasmi tangu uhuru wa 1975. Baada ya jaribio la ufundishaji kwa lugha mbili lililofanyika Tete na Gaza kati ya 1993 na 1997, Msumbiji ilianza mwaka 2003 kuingiza lugha za Kibantu katika madarasa ya mwanzo. Kimwani na Shimakonde, lugha mbili zinazosikika sana Mocímboa, zimo katika orodha hiyo. Hata hivyo, mfumo wenyewe ni wa mpito: kufikia darasa la 4 Kireno huchukua nafasi ya lugha ya nyumbani kama lugha ya kufundishia. Kasoro yake kwa sayansi iko hapo hapo. Lugha hukatwa wakati ambapo maswali ya “kwa nini” yanaanza kuwa mazito.

Fasili na swali

Tuchukue mvukizo. Mwanafunzi anaweza kukariri kwamba ni badiliko la kimiminika kuwa gesi, akapata alama zake, na asijue chochote. Kipimo cha dhana ni swali. Maji ya bahari yakiachwa juani hukauka na chumvi hubaki: maji yamekwenda wapi? Na kama mvua hutokana na maji hayo, mbona mvua haina chumvi? Mtoto wa pwani ameiona chumvi ikibaki juu ya mwamba. Anachohitaji ni nafasi ya kutoa jibu lisilo sahihi, kulitetea, kisha kulirekebisha. Kazi hiyo haifanyiki kwa lugha ambayo msamiati wake ni sentensi mbili za daftarini.

Kuelea nako kuna mtego wake. Jibu la haraka ni kwamba kitu chepesi huelea na kizito huzama. Lakini msumari huzama, na meli ya chuma inayotia nanga bandarini huelea ingawa uzito wake haulinganishwi na wa msumari. Kinachoamua ni wingi wa maji ambayo chombo huyasukuma kando. Mtoto aliyeona jahazi likizidi kuzama kadiri linavyopakiwa mzigo ana ushahidi tayari. Kilichobaki ni kumsaidia kuusoma.

Maji kujaa na kupwa ni mfano ulio tajiri zaidi. Kwenye pwani hii, tofauti ya kimo kati ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua huzidi mita 3, na kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Wavuvi hujua kwamba bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji mafu huja kati ya vipindi hivyo. Ujuzi huo hueleza lini. Shule huongeza kwa nini: jua na mwezi vikiwa katika mstari mmoja na dunia, mivutano yake hushirikiana. Inafaa kukumbuka pia kwamba Kireno huyaita maji mafu *marés mortas*, yaani kwa sitiari ile ile. Kwa hiyo Kireno kinaweza kuwa daraja, mradi kisiwe mlango wa pekee.

Umuhimu wa jambo hili unavuka mtihani. Kaskazini mwa mji, huko Afungi wilayani Palma, umepangwa mtambo wa kusindika gesi ya bonde la Rovuma. Na Novemba 2022 shehena ya kwanza ya gesi iliyogeuzwa kimiminika iliondoka Msumbiji kutoka mtambo unaoelea baharini. Gesi hiyo hupozwa hadi takriban nyuzi 162 chini ya sifuri za Selsiasi, na ujazo wake hupungua karibu mara 600. Hali za maada ni somo la shule ya msingi. Asiyezielewa atayatazama mabadiliko ya pwani yake kutoka nje ya uzio.

Je, istilahi za Kiswahili zinatosha?

Wapo watakaopendekeza hazina ya Tanzania, ambako TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Hazina hiyo ni ya thamani, na ukaribu wa Kimwani na Kiswahili unairahisisha. Lakini ukaribu si umoja. Neno “usanisinuru” humsaidia anayejua “nuru”. “Usanisi” humwacha gizani kama *fotossíntese*. Zaidi ya hayo, darasa la Mocímboa huwa pia na watoto wa Shimakonde na Emakhuwa. Kuwabebesha wote istilahi sanifu ni kurudia kosa la Kireno kwa lafudhi ya jirani.

Lugha ya nyumbani nayo si dawa yenyewe. Sokoni “uzito” hupimwa kwa kilo. Katika fizikia kilo hupima tungamo, na uzito hupimwa kwa nyutoni. Neno lililozoeleka huja na kosa lililozoeleka. Uzoefu wa Tanzania unaonya vilevile: Kiswahili kimefundishia shule za msingi tangu mwisho wa miaka ya 1960, lakini mwanafunzi hukabidhiwa Kiingereza anapoingia sekondari. Mkato umesogezwa tu.

Hitimisho

Mambo matatu yanafuata kwa watunga sera. Kwanza, marudio yapimwe kwa maswali yanayodai sababu, si kwa fasili. Pili, katika somo la sayansi lugha ya nyumbani iendelee baada ya darasa la 4 sambamba na Kireno, na jibu sahihi likubaliwe kwa lugha yoyote kati ya hizo. Tatu, istilahi za Kimwani zitokane na walimu na wasemaji wa Kimwani wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane, huku BAKITA na TATAKI wakiwa washauri wa kazi hiyo. Gharama ya vitabu itatajwa kama kikwazo, na si ndogo. Lakini swali kuhusu chumvi na mvua halihitaji kitabu kipya. Linahitaji mwalimu aliyeruhusiwa kuliuliza kwa lugha inayojibika.