Neno "Imara" katika Habari za Misingi ya Mitambo

Husemwa kwamba mtambo uzungukao wataka msingi imara. Kauli hii haina kosa katika mazungumzo. Bali katika maandishi ya uhandisi naiona ni pungufu, na upungufu wake una hatari. Neno hilo limebeba maana mbili, uzito na ukakamavu. Nyumba ya kukaa haituulizi ni ipi kati ya hizo. Mtambo hutuuliza.

Tuchukue jenereta izungukayo mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde. Ikiwa sehemu izungukayo haikulingana uzito pande zote, msingi husukumwa mara 25 kila sekunde. Nao msingi una kasi yake ya asili ya kutetema, ambayo ukakamavu huizidisha na uzito huipunguza. Tuseme kasi hiyo ni mara 30 kwa sekunde. Fundi ameambiwa "imarisha", naye akaongeza zege hata uzito wote utetemao ukazidi kwa asilimia 44, ukakamavu ukabaki ule ule: kasi ya asili hushuka ikawa 25. Hapo misukumo na mtetemo hupatana, kama mtu asukumaye pembea kwa wakati wake, na mtikisiko hukua hata bolti zikalegea na zege ikapasuka. Fundi amelifuata neno sawasawa, nalo limempoteza.

Mfasiri basi na aandike "ukakamavu" akusudiapo ukakamavu. Watakaosema kwamba hiyo ni sifa ya askari gwarideni wana haki kidogo. Lakini ngozi mbichi ikikauka nayo hukakamaa, wala hatukuanza leo kusema hivyo.