Kuisoma Picha ya Forodhani

Wengi hudhani kazi ya mwanagenzi anayehamishia picha za kale kwenye kompyuta ni kuskani tu. Skana haina maajabu. Unalaza picha, unafunga kifuniko, unasubiri mwanga upite. Nukta 600 kwa inchi, faili la TIFF, basi. Anachohitaji mtu ni subira na mikono mikavu. Ufundi unaanza baadaye, fomu ya orodha inapouliza: ni nini hiki, wapi, lini, nani?

Chukua picha ya ufukwe wa Mji Mkongwe, Unguja, isiyo na tarehe. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, linaonekana wazi. Sasa utafute mnara. Ukiukuta umesimama mzima, peke yake, mbele ya jumba, upande wa maji, basi picha ilipigwa kabla ya tarehe 27 Agosti 1896, siku manowari za Waingereza zilipoyapiga mizinga majumba ya Sultani kwa muda usiofika saa moja. Mnara ule uliharibika, ukaondolewa. Jumba lilipotengenezwa mwaka 1897 likapata mnara mpya wa saa, safari hii umeshikamana na uso wake. Nao huo haupo tena: uliporomoka pamoja na sehemu ya mbele ya jumba tarehe 25 Desemba 2020. Jengo moja tu, nalo limekwisha kukugawia picha mafungu matatu. Ndiyo maana huniudhi kukuta kadi imeandikwa “Zanzibar, zamani”. Zamani ipi?

Halafu igeuze picha. Nyuma huwa na muhuri wa studio, pengine ya A. C. Gomes au ya ndugu wa Coutinho, wapigapicha wenye asili ya Goa, au Capital Art Studio aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930. Muhuri ni shahidi, lakini si wa kuaminiwa peke yake. Studio huweza kusafisha nakala mpya kutoka negativu ya miaka mingi nyuma, na muhuri ukawa mchanga kuliko sura zilizomo.

Negativu za kioo zina adabu zake. Hushikwa kingoni. Glavu za pamba huteleza kwenye kioo na nyuzi zake hunasa, kwa hiyo afadhali za nitrili. Upande wenye dawa ndio usio na mng'ao. Ukichanganya pande, mji mzima unapinduka. Hapo anayeujua mji humshinda anayeijua programu: ukitazama kutoka baharini, Ngome Kongwe lazima iwe kulia kwa Beit al-Ajaib. Ikiwa kushoto, geuza. Filamu za asetati, kwa upande wao, hujulikana kwa pua: zikianza kuoza hunuka siki, na hapo hutengwa mara moja zisiziambukize nyingine.

Kazi ngumu kuliko zote ni watu. Wapigapicha wa enzi ya ukoloni waliandika jina la gavana na cheo chake, kisha mwanamke aliyesimama pembeni wakamwita “mwenyeji” na kumalizia hapo. Maelezo hayo hayafutwi, kwa sababu nayo ni historia. Huwekwa ndani ya alama za kunukuu, na chini yake mwanagenzi huandika anachokiona yeye. Kanga ya mchoro gani, ina maandishi au haina, na kama yapo, ni ya herufi za Kiarabu au za Kilatini? Amevaa buibui? Nyumba iliyo nyuma yake ina mlango wa aina gani? Wazee wakionyeshwa picha za namna hii, mara nyingi hawaanzi na uso. Huanza na mlango, kisha mtaa, kisha ukoo uliokaa pale, na ndipo jina linapokuja. Kwa hiyo mlango usioandikwa kwenye orodha huenda ukawa ndio uliokuwa na jina.

Na jina lisipopatikana? Wapo wanaoona aibu kuacha nafasi wazi, wakajaza “mwanamke wa Kiswahili” ili fomu ionekane imekamilika. Mimi namsifu anayeiacha wazi, akaandika mwaka wa kukisia pamoja na sababu ya kukisia: “kabla ya tarehe 27 Agosti 1896, mnara uko mzima mbele ya jumba”. Anayekuja baada yake ataweza kumpinga, kwa kuwa ameachiwa hoja ya kupinga.