Kizuri Chajiuza: Walt Whitman na Tabia ya Mtunzi Kujinadi

Methali isemayo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, hutajwa mara kwa mara ili kumkemea mtunzi anayezinadi kazi zake mwenyewe. Hukumu yake ni nyepesi: mwenye kalamu njema na anyamaze, kazi yake itamsemea. Walakini mambo yaliyotokea katika fasihi hayakubaliani na methali hiyo kwa ukamilifu. Ziko tungo njema zilizokaribia kupotea kwa kukosa mpiga mbiu, na ziko nyingine, njema vilevile, zilizotembezwa na watunzi wake kama bidhaa sokoni. Mfano mashuhuri wa namna hii ya pili ni wa Walt Whitman, mshairi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1819 na kufariki mwaka 1892. Kwa kuutazama mfano wake yaweza kujulikana ni wapi hasa kujinadi kunapogeuka kuwa aibu.

Kwanza yafaa methali yenyewe ipimwe nyumbani. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake yalikaa katika vinywa vya watu, wala hakuacha diwani iliyopigwa chapa. Hayakujiuza yenyewe: Mwalimu Sikujua bin Abdallah alisaidia kuyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, W. E. Taylor akayahifadhi katika maandishi, na William Hichens akayatoa katika Diwani ya Muyaka mwaka 1940, karne nzima baada ya mtunzi kuzikwa. Basi kizuri hakitembei kwa miguu yake. Huchukuliwa na mtu mwingine aliyekionja. Ushahidi wa mtu huyo una thamani kwa sababu sifa anazozitoa hazimrudii yeye.

Wala kujisifu peke yake si kosa katika desturi za Afrika ya Mashariki. Vivugo vya Wahima wa Ankole, ambavyo H. F. Morris alivichapisha mwaka 1964, ni majigambo ya mtu anayesimama mbele ya watu na kuutaja ushujaa wake kwa kinywa chake. Hapana anayedanganyika juu ya msemaji: uso wake waonekana, na wasikilizaji wanaomfahamu waweza kuyapima maneno yake. Mwana Kupona binti Mshamu naye, katika utenzi wa mawaidha aliomtungia binti yake mwaka 1858, hakuona haya kuwahimiza wanawake wausome. Huko nako ni kuinadi kazi yake mwenyewe. Ila yajulikana ni nani asemaye, na sababu anayoitoa ni manufaa ya msomaji, yaani kuepukana na lawama mbele ya Mola.

Kwa kipimo hicho sehemu kubwa ya majivuno ya Whitman haina lawama. Mwaka 1855 alitoa mjini Brooklyn, kwa gharama yake, kitabu cha Leaves of Grass, chenye mashairi 12, nakala zipatazo 800. Ukurasa wa anwani haukuwa na jina la mtunzi. Mbele yake palikuwa na picha yake amevaa kofia, shati wazi shingoni, mkono kiunoni. Jina lenyewe lilitokea ndani ya shairi refu la kwanza, ambalo tangu chapa ya mwaka 1881 huitwa "Song of Myself". Shairi hilo ni kivugo kikubwa. Mtunzi anajitukuza waziwazi, lakini kila anachojivunia anampa msomaji sehemu yake, hata nafsi ya kwanza ikawa mlango wa kuingilia watu wengi: seremala, mwanamaji, mtumwa aliyetoroka. Atakayeyakataa majivuno hayo anajua anayakataa maneno ya nani.

Mambo yaligeuka katika magazeti. Mwaka huohuo zilitokea tahakiki tatu za kukisifu kitabu hicho: moja katika United States Review, ya pili katika Brooklyn Daily Times, na ya tatu katika American Phrenological Journal. Zote tatu hazikuwa na jina la mwandishi, na zote tatu ziliandikwa na Whitman mwenyewe. Ya kwanza ilitangaza kwamba Marekani hatimaye imempata mshairi wake. Ya pili ilieleza umbo lake, mavazi yake na mwenendo wake, kana kwamba imeandikwa na mtu aliyemtazama kwa mbali. Ya tatu ilimlinganisha na Tennyson wa Uingereza. Jarida hilo la tatu lilikuwa mali ya Fowler and Wells, ambao walikuwa pia wakikiuza kitabu chenyewe. Hapo ndipo mtunzi alipojivika kilemba cha ukoka kwa mikono yake, akiwaacha wasomaji wadhani kwamba amevikwa na wengine.

Jambo la kusikitisha ni kwamba shahidi wa kweli alikuwa amekwisha kupatikana. Tarehe 21 Julai 1855 Ralph Waldo Emerson, mmoja wa waandishi walioheshimiwa sana Marekani wakati ule, alimwandikia Whitman barua ya faragha, akikisifu kitabu kwa moyo mkunjufu na kumpongeza kwa mwanzo wa kazi kubwa. Emerson hakuwa rafiki yake, wala hakuwa na hisa katika mauzo. Whitman aliruhusu barua hiyo itiwe katika New York Tribune mwezi wa Oktoba bila ya idhini ya mwenyewe. Na katika chapa ya pili, mwaka 1856, maneno machache ya barua pamoja na jina la Emerson yalipigwa kwa dhahabu mgongoni mwa kitabu. Ndani, mwishoni, aliitia barua nzima na jibu lake refu, ambamo alidai kwamba chapa ya kwanza ilikuwa nakala 1,000 na kwamba ziliuzika upesi. Madai yasiyo kweli. Karibu na barua hizo akaziweka tahakiki za magazeti, na miongoni mwake zile alizojiandikia.

Kwa njia hiyo ushahidi wa kweli na ushahidi wa bandia vikafungwa katika jalada moja. Mwaka huohuo wa 1856 gazeti la New York Daily Times lilimshutumu kwa kujiandikia sifa. Msomaji aliyeisikia habari hiyo alikuwa na haki ya kuyashuku yote, hata maneno ya Emerson yaliyoandikwa kwa nia safi. Hiyo ndiyo hasara yenyewe: sifa ya uongo haiongezi kitu juu ya sifa ya kweli, bali huipunguzia uzito.

Watetezi wa Whitman husema kwamba hakuwa na mchapishaji mkubwa wa kumsimamia, kwamba wakati ule makala nyingi za magazeti zilitoka bila majina, na kwamba katika chapa ya pili alizitia pia tahakiki zilizomlaumu. Hoja hizi zina uzito. Zaeleza kwa nini alilazimika kujinadi. Hazielezi kwa nini alijificha uso. Mtu asiye na mpiga mbiu anaruhusiwa kuipiga mbiu mwenyewe, maadamu watu wanaona ni nani aishikaye. Tena isidhaniwe kwamba hila hizo ndizo zilizokiokoa kitabu. Tahakiki zile leo husomwa na wataalamu kama vielelezo vya hila, na mashairi yangali yanasomwa kwa ajili yake yenyewe.

Kipimo hikihiki chafaa kwa mwandishi yeyote ambaye hawezi kumaliza makala bila ya kuwaelekeza watu kwenye maandishi yake mengine. Ikiwa jambo limeelezwa vizuri zaidi huko, kumwonyesha msomaji njia ni msaada, na kunyamaza kungekuwa unyenyekevu wa bure. Ikiwa makala yameandikwa ili njia hiyo ipate kuonyeshwa, msomaji amefanywa mteja bila ya kuambiwa. Na kwa wahariri wa majarida mfano wa Whitman una funzo la karibu zaidi: tahakiki ibebe jina la aliyeiandika, ili msomaji ajue sifa zimetoka kinywani mwa nani kabla ya kuzipokea.