Pazia na Upepo: Ni Msimu wa Nani Unaopamba Nyumba Zetu?

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Usemi huu watukumbusha kwamba uzuri wa nyumba haupimwi kwa kuutazama uso wake barabarani. Lakini leo, kabla ya kuingia, twapenda kusimama kidogo dirishani. Hapo ndipo kitambaa, rangi, mwanga na hewa hukutana. Na hapo ndipo mpita njia aweza kutambua kama mwenye nyumba amejipambia mwenyewe, ama amepambiwa na watu wa mbali wasiolijua jua lake.

Pambo la nyumba ni sanaa, ingawa wengi wetu hatulihesabu hivyo. Tukitaja utamaduni, hutaja ngoma, ushairi, uchongaji na ususi. Husahau pazia, mkeka, foronya na kitambaa cha meza. Hata hivyo, yuko mtu ambaye hupitisha mwaka mzima bila ya kuhudhuria ngoma, lakini hapitishi siku moja bila ya kuliona pazia la chumbani mwake. Kwa hiyo pazia nalo lastahili kuhakikiwa kama shairi linavyohakikiwa: lasema nini, lasemaje, na je, limefaulu katika kazi liliyopewa?

Tuanze na jambo linaloitwa mtindo wa msimu. Katika nchi za Ulaya na Marekani ya Kaskazini ipo desturi ya kubadili vitambaa vya nyumba kwa kufuata majira, na asili ya desturi hiyo ilikuwa haja, wala haikuwa anasa tupu. Majira ya baridi yanapoingia, usiku huwa mrefu na baridi hupenya kwenye vioo. Pazia zito la mahameli au la sufu, lenye bitana, husaidia kuzuia joto la chumbani lisipotee. Majira ya joto yakirudi, pazia hilo huteremshwa, likakung'utwa vumbi na kuhifadhiwa, na mahali pake hutundikwa kitani au pamba nyepesi. Rangi nazo zilifuata nyayo: zile zilizokolea wakati wa baridi, zile za kupoza macho wakati wa joto.

Baadaye biashara iliichukua haja hiyo ikaitungia kalenda. Tangu mwaka 1971 wafanyabiashara wa vitambaa vya nyumbani wamekuwa wakikutana mjini Frankfurt, Ujerumani, katika maonyesho yaitwayo Heimtextil, ambayo kwa kawaida hufanyika mwezi Januari. Na kuanzia mwaka 2000 kampuni ya Marekani iitwayo Pantone imekuwa ikitangaza rangi ya kila mwaka. Hatuwalaumu; muuzaji hutafuta mnunuzi, na kila soko lina mpiga debe wake. Swali letu ni jingine: kalenda hiyo inapovuka bahari na kutufikia sisi, yawa na maana gani?

Hutufikia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni picha, ambazo humwonyesha kijana wetu sebule iliyofunikwa vitambaa tabaka juu ya tabaka, naye akadhani hiyo ndiyo sura pekee ya nyumba ya mtu aliyestaarabika. Njia ya pili ni robota la mitumba. Katika masoko kama Karume jijini Dar es Salaam au Gikomba jijini Nairobi, mapazia yaliyoshonwa kwa ajili ya baridi ya nchi nyingine hufunguliwa na kuuzwa chini ya jua kali. Mtindo uliokwisha kupita huko kwao waanza maisha ya pili huku kwetu, nao hauna tena msimu wowote: si wa kwao, wala si wa kwetu.

Tusiwacheke wanunuzi, kwani na sisi tulikuwa miongoni mwao. Katika miaka ya mwisho ya 1990 tulihamishiwa kazini katika mji mmoja wa pwani, tukapewa nyumba yenye madirisha mapana. Idi ilikuwa yakaribia. Tulikopa sehemu ya mshahara, tukanunua mapazia ya mahameli yenye rangi ya damu ya mzee, mazito hata fimbo ya pazia ilipinda. Wageni waliyasifu. Lakini kufika saa nne asubuhi chumba kilikuwa giza. Taa iliwashwa mchana na feni haikupumzika. Watoto walitoka na madaftari yao wakaenda kusomea barazani. Marehemu mama yetu alikuja kututembelea, akakaa kitambo akijipepea kwa ncha ya kanga, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, mbona mchana mmeufungia nje?" Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumenunua giza kwa mkopo, na deni lake tulililipa kwa miezi mitano.

Swali lile la mama ndilo kiini cha uhakiki wetu. Yeye hakuuliza kama rangi ile yapendeza, wala kama kitambaa kile chatoka wapi. Aliuliza kazi ya dirisha ni nini. Alikuwa amekulia katika nyumba ambamo wajenzi walilijibu swali hilo kabla ya fundi wa nguo kuitwa.

Tuzitazame nyumba hizo. Katika nyumba za mawe za Lamu, zile za karne ya 18, kuta ni nene na madirisha ya nje ni machache. Mwanga na hewa huingia kutoka kiwanda, yaani ua wa ndani, na hupungua kadiri mtu anavyosogea kutoka msana wa mbele hadi vyumba vya ndani. Pambo kubwa limo ukutani penyewe: safu za zidaka zilizochongwa katika lipu nyeupe, na ndani ya zidaka huwekwa vyombo vya kaure. Weupe wa chokaa huupokea mwanga mdogo uliopo na kuugawa chumba kizima. Hapo rangi haikuwekwa kwa kubahatisha. Ni ufundi wa kuutumia mwanga pasipo kuukaribisha joto.

Nyumba ya Kiswahili ya mjini, yenye baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba ubavuni na uani nyuma, ina hekima yake pia. Milango ya vyumba hukaa wazi mchana ili upepo upite kutoka barazani hadi uani, na kila mlango hufungwa pazia jepesi. Pazia lile huruhusu hewa na huzuia macho. Tena lina adabu: mlango uko wazi, lakini kitambaa kilichoshushwa chamwambia mgeni, "Piga hodi." Twathubutu kusema kwamba katika pazia la mlangoni kazi tatu zimepatana bila ya ugomvi, nazo ni stara, upepo na pambo. Hicho ndicho kipimo tunachopendekeza. Pazia linalositiri lakini linaua upepo limefeli. Linalopitisha upepo lakini linamwanika mwenye nyumba limefeli. Na linalofanya yote mawili lakini linachukiza macho, basi hilo ni kazi ya nusu fundi.

Hapa yatupasa kujihadhari na kosa la pili, nalo ni kudhani kwamba dawa ya uigaji ni kukataa kila kigeni. Historia ya nguo zetu haikubali jambo hilo. Merikani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi, iliitwa hivyo kwa sababu ililetwa na wafanyabiashara wa Marekani, nchi iliyofanya mkataba na Sayyid Said wa Zanzibar mwaka 1833. Kanga, ambayo leo ni alama ya mwanamke wa Afrika Mashariki, ilichipuka pwani katika nusu ya pili ya karne ya 19, na kwa miaka mingi ilipigwa chapa katika viwanda vya ng'ambo. Jina lake la pili, leso, lina asili ya Kireno. Kilichoifanya kanga iwe yetu ni kwamba wanawake wa pwani walichagua wenyewe mapambo yake, wakaipa pindo, mji na jina, wakaifundisha kusema Kiswahili. Hata viwanda vyetu, kama kile cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, vilikuja baada ya lugha hiyo ya nguo kukomaa. Basi kuazima si aibu. Aibu ni kuazima bila ya kukikata kitu kwa kimo chako.

Kwa kipimo hicho hicho, na tuihakiki kanga yenyewe inapopandishwa dirishani, kwani siku hizi jambo hili laonekana mara nyingi. Kanga ni pamba nyepesi, hupitisha hewa na hufulika kwa urahisi. Katika kazi ya upepo imefaulu. Lakini mafundi wengine huikata kama jora la kawaida. Pindo huenda huku, mji kule, na jina hukatwa katikati likabaki maneno yasiyo na kichwa. Wengine huitundika kwa ubavu, hata mgeni hana budi kulaza shingo ili asome. Kanga ina urefu wa kama mita moja na nusu na upana unaozidi mita moja kidogo. Ikining'inizwa kwa upande wake mrefu, jina hukaa chini, sawasawa, na doti moja huyatosha madirisha mawili ya kiasi. Jingine ni maana. Jina la mafumbo alilonunuliwa jirani haliwezi kuwekwa dirishani pasipo kuzua ugomvi wa mtaa mzima. Mwisho, jua huifubaza rangi ya kanga, kwa hiyo dirisha lenye jua kali halifai kupewa kanga ya thamani.

Je, sisi hatuna misimu? Tunayo, tena neno lenyewe msimu ni la Kiarabu na limetufikia pamoja na pepo za biashara. Nyumba ya pwani ina kalenda mbili. Ya kwanza ni ya upepo. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, joto ni kali. Pamba nyeupe au ya rangi hafifu ndiyo ifaayo. Masika yakiingia, unyevu hukamata vitambaa vizito na ukungu huota. Huo ni wakati wa kupunguza nguo ukutani na dirishani. Kusi likivuma na kipupwe kikitulia, kati ya Juni na Agosti, ndipo chumba chaweza kuvumilia kitambaa kizito kidogo na rangi zenye moto. Kalenda ya pili ni ya sherehe. Kabla ya Idi kuta hupakwa chokaa, mapazia hubadilishwa, foronya na mashuka mapya hutolewa sandukuni. Krismasi nayo huleta shughuli kama hiyo katika nyumba za Wakristo. Kwa kuwa mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa kama siku kumi na moja, Idi huzunguka majira yote. Sisi tuliovuka miaka hamsini tumeipokea Idi katika kaskazi na katika kusi. Haiwezekani, basi, rangi ya Idi iamuliwe na majira ya nchi nyingine. Yatakiwa iamuliwe na upepo unaovuma siku hiyo.

Atatokea mtu aseme kwamba miji imesongamana, dirisha la mtu latazamana na la jirani, vumbi ni jingi, na pazia la mtumba ni rahisi na lina maisha marefu. Maneno hayo ni ya kweli. Dirisha linalotazama magharibi, kwa mfano, lahitaji kitambaa cha kukinga jua la alasiri. Lakini kukinga kwa saa tatu si sababu ya kulifunga dirisha kwa saa kumi na mbili. Kitambaa chepesi kwa mchana na kizito kwa usiku, kila kimoja na fimbo yake, hutosheleza. Na nusu-pazia, lililofungwa katikati ya dirisha, husitiri waliokaa na kuupitisha mwanga juu.

Walimu wa sayansi kimu, na wa Kiswahili pia, twawaomba wawape wanafunzi zoezi dogo. Kila mmoja alichunguze dirisha moja la nyumbani kwao: latazama wapi, upepo waingilia wapi, pazia lake ni la kitambaa gani, na saa ngapi za mchana taa huwashwa kwa sababu yake. Kisha aandike uhakiki wa ukurasa mmoja. Tunaamini kwamba mtoto aliyejifunza kuliuliza pazia kazi yake hatakubali kwa wepesi kitu kingine chochote kwa sababu tu kimekuja na sifa. Wengi watakuta kwamba jibu la swali la mama yetu ni kunyoosha mkono, kulisogeza pazia, na kuurudisha mchana ndani.