Angalau Yeye Alikuwa na Faili

Binamu yangu alikuja kwetu Kayole akiwa na miaka minne. Hakuna aliyeenda kortini kumwasili. Mamangu alisema tu, "Huyu ni wetu," ikaisha hivyo. Niliamini maneno hayo yanatosha mpaka niliposoma My Name Is Why cha Lemn Sissay, kilichotoka 2019.

Sissay alizaliwa Uingereza mwaka 1967. Mama yake, Mwethiopia aliyekwenda kusoma, alikataa kutia sahihi karatasi za kumtoa mtoto aasiliwe. Ofisa wa ustawi akampa mtoto jina lake mwenyewe, Norman, akamkabidhi kwa familia ya Wazungu na kuwaambia wamhesabu kama wamemwasili. Alipofika miaka 12 wakamrudisha. Ndio, kama simu imekataa kuwaka. Akamalizia utoto kwenye makao ya watoto.

Faili yake ilikaa na baraza la Wigan. Aliisaka miaka 30, akaipata 2015, na kitabu kimejengwa juu yake: ripoti na barua zimewekwa zilivyo, kisha yeye anasimulia kandokando. Hapo ndipo nguvu ilipo. Ofisi inaandika kwa sauti tulivu, yeye anakumbuka kwa mwili. Na barua ya mama yake ya 1968, akiomba mtoto arudishwe, ilikuwa humo muda wote. Nilipoifikia niliweka kitabu chini nikatoka nje kidogo.

Nina lalamiko moja. Kila sura inafunguliwa na kishairi, na vingine vinapoza makali. Ripoti ya ofisi ikishakupiga, huhitaji kubembelezwa.

Najua tutasema hayo ni ya Wazungu, sisi tuna jamii. Mimi siamini tena. "Mhesabuni kama mmemwasili" na "Huyu ni wetu" ni ahadi za aina moja: zinategemea moyo wa mtu mzima usibadilike, na mtoto hana pa kuzidai. Mamangu hakubadilika, namshukuru. Lakini binamu yangu alipoanza kutafuta kitambulisho mwaka jana, aliulizwa cheti cha kuzaliwa na jina la mama, nyumba nzima ikanyamaza.

Nilimpa kitabu. Alikimaliza siku mbili, akanirudishia bila kelele.

"Huyu angalau alikuwa na faili," akasema.

Sikuwa na jibu. Jumapili naenda kumuuliza mamangu, na safari hii nitabeba kalamu.